Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Siku za Msafiri Ziingie Kwenye Zabuni

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama wa soko, madereva na vijana wa tuktuk, assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nianze kwa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Michango yenu ilifika kwa familia zao, ahsanteni sana. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hivyo sitazigusa. Muda wangu nataka niutumie kwa jambo lililotuumiza mwaka mzima, nalo ni barabara zinazojengwa polepole hapa kwetu Malindi.

Njia moja ya mashambani, ambako malori yetu hupakia maembe, kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, lilichimbuliwa mvua ikiwa inakaribia. Nilikwenda mwenyewe mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta shimo, na vibarua wanachanganya zege kwa koleo. Mara ya pili zege limefunikwa magunia yaliyoloweshwa, na hakuna mtu ila mlinzi, maana zege lataka muda likomae. Kipimo cha kawaida cha nguvu yake huchukuliwa siku ya 28. Mara ya tatu mvua imeshashuka, mchepuko, ile njia ya muda ya kando, umekuwa tope, na lori lililobeba mzigo wa mwanachama wetu limelala pale usiku kucha. Asubuhi yule mama akafungua kreti ya chini kabisa. Maembe ya ngowe yalikuwa yamepasuka, maji yanachuruzika kwenye ubao wa nyuma wa lori, na nyuki wamefika kabla yetu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwenyekiti, shimo hili ni la siku ngapi?" Sikuwa na jibu, wala kibao cha mradi hakikuwa nalo.

Swali hilo ndilo kamati yenu imelifanyia kazi. Tumesoma, tumewauliza mafundi na wahandisi, na hapa nitawaeleza tulichokielewa.

Kalvati lile halikuhitaji kumwagwa pale pale. Vipande vyake vingefinyangwa uwanjani kwa mkandarasi, vikakomaa vikiwa kivulini huku magari yakipita kama kawaida, kisha shimo likachimbwa na kreni ikavipanga ndani ya siku chache. Madaraja nayo hujengwa hivyo. Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kujengwa 2020 na magari yakaruhusiwa kupita Mei 2022. Sehemu kubwa ya daraja lake ni vipande vya zege vilivyotengenezwa kando, vikapandishwa kwa mtambo na kuunganishwa juu ya nguzo, huku magari yakiendelea chini. Huko Medford, karibu na Boston, Marekani, mwaka 2011 madaraja 14 ya barabara kuu moja yalibadilishwa kwa wikendi 10. Ijumaa usiku la zamani linavunjwa, Jumatatu asubuhi watu wanapita juu ya jipya kwenda kazini.

Katika mkutano wetu wa kati ya mwaka mzee mmoja alisimama akasema haraka haraka haina baraka, akatukumbusha lami iliyobanduka kama ganda la muhogo kabla hata mwaka haujaisha. Namheshimu, na kuhusu lami ile alisema kweli. Lakini zege lililofinyangwa uwanjani, pakavu, fundi akilipima na kulikataa likiwa bovu, naliamini kuliko lile lililomwagwa shimoni mvua ikitishia. Na rola za siku hizi zina kifaa kinachosoma ugumu wa udongo chini yake na kuandika kila mahali ilipopita, kwa ramani ya setilaiti. Mhandisi anaona palipolegea kabla lami haijamwagwa. Greda nazo huongozwa na setilaiti hiyo hiyo, blade ikipanda na kushuka yenyewe kufuata mchoro, bila kungoja mtu apige vigingi. Hapo haraka na uimara vinakwenda pamoja.

Liko jingine linalotufaa sana sisi wa pwani. Malindi imekalia matumbawe na mchanga, kokoto ngumu hutoka bara kwa malori. Ipo mashine inayoichimbua lami kuukuu, ikaisaga na kuichanganya na simiti kidogo au lami iliyotiwa povu, na kuilaza tena hapo hapo kuwa tabaka la chini. Safari za malori ya kokoto zinapungua, na siku zinapungua. Barabara zetu zilizochoka zingeanzia hapo.

Hata hivyo, wenzangu, mashine peke yake haitatuokoa. Siku nyingi hupotea kabla rola haijashushwa. Nguzo za stima zimesimama katikati ya njia, bomba la maji halina ramani, mwenye shamba hajalipwa, ilhali Katiba kifungu cha 40 inataka fidia ya haki itolewe upesi. Na mkandarasi asipolipwa huondoa vyombo vyake, hata awe na mtambo wa namna gani. Sisi tunalipa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli tunayotia inakatwa shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara, kutoka 18. Anayelipa kila siku kwenye pampu ana haki ya kuuliza kazi itaisha lini.

Ndiyo maana kamati imeamua kudai jambo moja kwa nguvu zote, kwamba siku za msafiri, yaani siku anazosumbuka njia ikiwa imefungwa kwa ujenzi, zipewe bei ndani ya zabuni. Tuseme mkandarasi wa kwanza anaomba milioni 100 na siku 300. Wa pili anaomba milioni 110 na siku 200. Kwa mtindo wa kawaida, yule wa kwanza anashinda. Lakini kila siku ya kufunga njia ikihesabiwa laki mbili, wa kwanza anafika milioni 160, wa pili 150. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu, kwa sababu maembe yetu, samaki wetu na mgonjwa aliyekwama kwenye mchepuko sasa wamo kwenye hesabu.

Los Angeles walikwenda mbali zaidi. Tetemeko la Januari 17, 1994 liliangusha madaraja ya barabara ya Santa Monica. Mkataba ulitoa siku 140, na ndani yake mliandikwa dola 200,000 za bonasi kwa kila siku itakayowahiwa, na faini kama hiyo kwa kila siku ya kuchelewa. Kampuni ya C.C. Myers ilifanya kazi usiku na mchana ikamaliza siku 74 kabla, na Aprili 12 njia ikafunguliwa. Bonasi ilikuwa karibu dola milioni 15. Ni pesa nyingi, na kaunti yetu haina za namna hiyo, lakini bei ya siku inaweza kuandikwa hata kwenye mkataba wa kalvati.

Wakati wa kudai ni huu. Upanuzi wa barabara kutoka Mombasa kuelekea Kilifi, wenye fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni kipande cha ukanda wa barabara uliochorwa kutoka Bagamoyo, Tanzania, mpaka Malindi. Wengi wetu tuliokuwa tukingoja feri Kilifi tunajua daraja la 1991 lilivyobadilisha maisha. Na Novemba 2023 mafuriko yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, tuliona jinsi bei zinavyopanda njia ikikatika.

Barua ya kuomba kuona ratiba na mikataba ya kazi zinazotugusa, kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba, iko tayari. Nitaipeleka wiki ijayo mimi na katibu. Lakini bei ya siku yetu hatuwezi kuidai bila ushahidi. Kwa hivyo kuanzia Jumatatu kila dereva anayepita kwenye mchepuko aandike saa aliyofika, saa aliyotoka na mzigo aliobeba. Akina mama waandike kilichoharibika na bei yake sokoni siku ile. Madaftari yako mezani kwa katibu, mchukue mkitoka. Sasa namkaribisha mweka hazina.