Barua kwa kipa wangu

Newark, New Jersey

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, baridi tu inatubana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa kwenye basi asubuhi natoka kazini. Ule mpira wa dakika ya tisini uliokupita chini ya tumbo nimeuona kana kwamba nilisimama nyuma ya nyavu. Lakini hilo la kwamba glavu umempa mdogo wako na golini hurudi tena, hilo sikubali. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nataka nikuhadithie habari za Mariano Rivera. Mchezo wake ni besiboli, ambao si wetu, ila mtu mwenyewe ungekutana naye ungedhani katokea Sahare, kwetu Tanga. Kazaliwa Panama mwaka 1969, kakulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi, baba yake nahodha wa chombo cha dagaa. Watoto wa pale walijitengenezea glavu kwa maboksi ya maziwa, na mpira waliusokota kwa nyavu kuukuu. Baada ya shule akaingia chomboni na baba yake. Alipokuwa na miaka 19 chombo kikaanza kupinduka baharini, ikabidi wakihame. Hofu ya namna hiyo wewe unaijua; mimi nimeisikia kwako tu.

Timu ya Yankees ya New York ilimsajili 1990. Kiwiko kikapasuliwa 1992. Timu kubwa akaifikia 1995, wakamjaribu kama mrushaji wa kuanza mechi, yaani anayewatupia mpira wapigaji wenye magongo tangu mwanzo, hakung'ara. Basi wakamweka na warushaji wa akiba, na riziki yake ilikuwa huko.

Kazi yenyewe iko hivi. Mechi ina vipindi tisa. Anayeanza kurusha akichoka huingia wa akiba, na mmoja wao hutunzwa kwa ajili ya kipindi cha mwisho. Saa nzima, ya pili, ya tatu, amekaa nyuma ya ukuta, mbali na wenzake. Simu inalia, anapasha mkono, lango linafunguliwa. Timu yake inaongoza kwa pointi moja, au mbili, au tatu, na yeye lazima awatoe wapigaji watatu. Akifaulu anahesabiwa kuokoa mechi. Akikosea, jasho la wenzake la usiku kucha limekwenda na maji, na uwanja mzima unajua ni nani. Sasa niambie, hiyo si kazi ya kipa?

Silaha yake ilikuwa moja. Mwaka 1997 alikuwa akirushiana mpira na mwenzake, Ramiro Mendoza, mpira ukaanza kupinda wenyewe. Wakajaribu kuunyoosha, haukunyooka, wakauacha. Wenyewe wanauita kata. Unakuja sawasawa kama mpira wowote wa kasi, halafu ukimkaribia mpigaji wa mkono wa kushoto unamwingilia mikononi. Gongo linaugusa penye shingo nyembamba, linavunjika. Wapigaji wote walijua unakuja, na bado. Mwaka 2013, akiwa anaaga, timu ya Minnesota Twins ilimpa zawadi ya kiti cha bembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika.

Ila sikukuandikia kwa ajili ya kiti. Nimeandika kwa sababu ya Novemba 4, 2001, huko Phoenix, mechi ya saba, ya kuamua, ya fainali dhidi ya Arizona Diamondbacks. Yankees walikuwa mabingwa miaka mitatu mfululizo, na kila mara mtu wa mwisho alitolewa na Rivera. Alikuwa ameokoa mechi 23 mfululizo za mtoano. Usiku ule akaingia wakiongoza 2-1. Kipindi cha tisa mpira alioutupa yeye mwenyewe kwenda besi ya pili, kituo anachokimbilia mpinzani, ukaenda kombo. Tony Womack wa Arizona akasawazisha. Kisha mwenzake Luis Gonzalez akaugusa ule ule mpira wa kata, tena vibaya, ukaelea polepole juu ya kichwa cha Derek Jeter wa Yankees, ukadondoka ukingoni mwa majani. Wenzake Rivera walikuwa wamesogezwa mbele. Wangesimama mahali pao pa kawaida, ungedakwa. 3-2, ubingwa umekwenda.

Sikiliza na hili. Mwenzao mmoja, Enrique Wilson, alikuwa na tiketi ya ndege ya Novemba 12 kwenda kwao Jamhuri ya Dominika, baada ya sherehe za ubingwa. Kwa kuwa ubingwa haukupatikana, akaondoka mapema. Ndege ile ya Novemba 12 ikaanguka Queens, New York, wakafa watu 265. Rivera alisema afadhali walishindwa, kwa kuwa rafiki yake angali hai. Nikifika hapo huwa nanyamaza.

Akarudi uwanjani. Mwaka 2012, ana miaka 42, akikimbilia kudaka mpira mazoezini kule Kansas City, kano ya goti ikakatika. Watu wakamzika. 2013 akarudi na kuokoa mechi 44. Jumla aliacha 652, hakuna aliyefikisha hapo, na waandishi 425 walipompigia kura mwaka 2019 aingie kwenye Jumba la Heshima la besiboli, hakuna hata mmoja aliyemnyima. Kabla yake haijatokea kwa mchezaji yeyote.

Usiku wake wa mwisho nyumbani, Septemba 26, 2013, niliuona kwenye runinga kazini, fagio mkononi. Kocha hakwenda kumtoa. Aliwatuma Jeter na Andy Pettitte, waliokua naye timu moja. Akamwangukia Pettitte begani, akalia kama mtoto, na Pettitte hakumwachia.

Glavu mpya nimekununulia. Kuna jamaa wa Pongwe anaruka mwezi ujao, nimempa mkononi. Saizi nimekisia, zikikubana kwenye kidole gumba, kile ulichovunja, niambie nibadilishe kabla risiti haijapitwa. Zile kuukuu mwachie mdogo wako.

Msalimie mama.

Swahiba wako wa Chumbageni