Mdogo wangu, kuhusu lile bango

Mdogo wangu,

Kwenye arobaini ya mama ulisema mbele ya wajomba kwamba mimi ndiye Ray Kroc wa familia hii. Wajomba hawakuelewa, wakaendelea na pilau yao. Mimi nilielewa. Kisa hicho, cha Kroc aliyeinunua biashara ya McDonald's kutoka kwa wenyewe, tulikuwa tukisimuliana sisi wawili, usiku, tukimenya viazi.

Basi ukisimulie chote. Dick na Mac McDonald, ndugu wawili, walikuwa na mgahawa San Bernardino, California, tangu 1940. Mwaka 1948 wakaufunga miezi mitatu hivi, wakawaachisha kazi wasichana waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakapunguza vyakula, hambaga ikawa senti 15. Jiko walilichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wafanyakazi wakazunguka humo wakijifanya wanakaanga. Hapo ulikuwa unacheka, maana na sisi tulichora uani kwa mkaa: karai hapa, kabati la chipsi pale, kachumbari mkono wa kushoto. Wazo la kulisogeza karai lilikuwa lako. Sijawahi kukataa.

Kroc alikuwa akiuza mashine za kuchanganyia maziwa. Mwaka 1954 akaenda kuwaona hao ndugu, waliokuwa na mashine zake nane. Mwaka uliofuata akafungua tawi lake Des Plaines, karibu na Chicago, na 1961 akawanunua kwa dola milioni 2.7. Walisaini wenyewe. Ndiyo maana nakushauri kama dada yako: soma kwanza, ndipo usaini. Nilikupa siku tatu usome mkataba wetu. Ukahesabu noti mara mbili, ukaondoka.

Na yule mzee alifungua duka jirani na la kwao mpaka la kwao likafa. Mimi nimekufanyia hivyo lini? Nilikuomba ubadilishe jina tu, wateja walikuwa wanachanganyikiwa.

Fundi wa bango ningemlipa mimi. Kwa nini ulipanda ngazi mwenyewe? Ulishika kopo la rangi nyeupe ukalifuta jina la mama, herufi moja moja, kuanzia mwisho, nami nimesimama ng'ambo ya barabara, soda inapata moto mkononi. Ukabakiza M. Wale ndugu nao, walipokatazwa jina lao, waliuita mgahawa The Big M. Ulikusudia?

Nikipita pale na bajaji nageuza uso.

Kabati letu la kwanza, lile lenye kioo kilichopasuka, liko kwangu. Utakuja kulichukua, au nimtume kijana?