Kibustani chetu kisizibwe na mabati

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Jinja, Uganda, mkazi wa mtaa wa Walukuba, katika zile nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda. Marehemu baba alikuja kufanya kazi kiwanda cha nguo, nami nikazaliwa hapa. Kiswahili changu nilikiokota hapa hapa, kwenye foleni ya maji. Naomba nafasi niseme juu ya kibustani kilicho njiani kati ya kwangu na sokoni.

Hakina jina wala kibao. Kuna mvule mmoja mkubwa, miembe miwili, nyasi zilizokanyagwa mpaka ardhi ikabaki wazi, na viti vitatu vya saruji, kimoja kimemeguka. Kibanda changu cha kazi ni cha bati juu na pembeni, kwa hiyo ikifika saa saba mchana hakukaliki. Hapo huiacha cherehani, nikachukua kazi za mkono na kwenda kukaa chini ya mvule: pindo, vishikizo, na vile vifungo viwili vya gomesi, gauni refu la heshima la wanawake wa huku kwetu, vinavyokaa upande wa kushoto, ambavyo mteja hasamehe vikipishana hata kidogo.

Mume wangu alifariki Juni 2021, wakati nchi imefungwa kwa sababu ya korona. Tulimzika watu wachache, haraka haraka. Matanga hayakukaliwa. Majirani walinipa pole kwa mbali, wamefunika midomo, kisha kila mtu akajifungia kwake. Amri zilipolegezwa nilishindwa kukaa ndani, maana chumba ni kimoja na kiti chake kilikuwa kinanitazama. Nikawa nashinda bustanini.

Siku moja nilikuwa napinda gomesi ya harusi, kitambaa cheupe chenye kuteleza, na machozi yananitoka. Bibi mmoja aliyekuwa anapumzika na kikapu chake cha viazi vitamu alisogea, akasema "Nnyabo" tu, yaani mama, akashika upande wa pili wa ile nguo isiburuzike chini. Alishika hivyo mpaka nikamaliza pindo lote. Ndipo akaniambia kwa Kisoga kwamba na yeye alizika mwanawe mwezi ule ule. Hatukuulizana majina. Tangu hapo, siku za soko hupitia pale, hutua kikapu, tukakaa. Kwangu mimi hayo ndiyo matanga niliyoyapata.

Na si mimi peke yangu. Asubuhi vijana wa bodaboda huja kunyoosha migongo. Jioni wanafunzi wa kidato cha nne husoma kwa sauti, maana nyumbani wamelala sita na redio ya jirani haizimwi. Wamama waliojifungua karibuni huwaotesha watoto jua. Chumba kimoja hakina sebule, Mhariri. Sebule yetu ni pale.

Sasa upande mmoja umezungushiwa mabati, na kuna alama za rangi nyekundu kwenye mashina. Inasemwa zinakuja fremu za maduka. Tangu Jinja ipewe hadhi ya jiji, Julai 2020, kila kipande cha ardhi kisicho na ukuta kinatazamwa kana kwamba hakina kazi. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mji una bustani tele, mtu anaweza kwenda kule chanzo cha Nile. Kule ni kuzuri, lakini kuna kiingilio, na mtu hatoi kiingilio kila siku ili akatie vifungo. Wengine hutaja Entebbe. Nimefika mara moja, na watoto wangu wakiwa wadogo. Bustani ile ya mimea ilianzishwa mwaka 1898, miti yake ni mirefu ajabu, na mbega huruka juu ya vichwa vya watu. Watoto walifurahi mno. Lakini ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Huko mtu huenda kutembea. Huzuni haingoji nauli.

Ombi langu kwa wanaohusika ni hili: waondoe yale mabati, watujengee kile kiti kilichomeguka, na hivyo viwili vingine viwe na egemeo kwa ajili ya wazee. Wakiweza kuongeza bomba la maji na taa moja ya usiku kwa hao wanafunzi, tutashukuru sana. Na mvule usiguswe. Najua mbao zake zina bei, lakini ulikuwa mkubwa tangu mimi mtoto, na hakuna hata mmoja wetu atakayeishi kuuona mwingine wa kimo kile.

Yule bibi hapajui kwangu, nami sipajui kwake. Siku ya soko akifika pale na kikapu chake akute ukuta, atanitafutia wapi?

Mshonaji,
Walukuba, Jinja