Tope la zebaki lipimwe kabla ya kuchimbuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza katika safu hii kwamba mitambo ya kuchimba iletwe haraka kwenye midomo ya vijito vinavyotoka kwenye machimbo ya dhahabu mkoani Geita, ili tope lenye zebaki liondolewe ziwani. Nia yake ni njema, na ninamshukuru kwa kulisema hadharani jambo ambalo wengi wetu tuishio kando ya Ziwa Victoria hulizungumza kwa kunong’ona, tukiogopa kuharibu soko la samaki. Hata hivyo, nilikuwa bwana samaki kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, na hofu yangu ni kwamba kazi hiyo ikianzwa kwa pupa itaiamsha sumu ambayo sasa imelala.

Zebaki haiozi wala haiungui ikaisha. Inaweza tu kuhamishwa, kufunikwa au kufungwa isitembee. Ikitua kwenye tope lisilo na hewa ya oksijeni, bakteria wa humo huigeuza sehemu yake kuwa methili-zebaki, ambayo huingia kwa viumbe wadogo wa chini, kisha kwa samaki wanaowala, na huzidi kulimbikizana kadiri samaki anavyokula samaki wenzake, hadi kwa sangara mkubwa na kwa mama mjamzito anayemla, ambaye mtoto aliye tumboni ndiye hudhurika zaidi, kwenye ubongo. Lakini zebaki iliyokwisha kufukiwa na tope safi la miaka ya baadaye haiwafikii viumbe kirahisi. Yeyote aliyewahi kusimama ufukweni likivutwa kokoro, ingawa kokoro ni haramu, ameona jinsi maji yanavyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na jinsi rangi hiyo inavyosogea na mkondo hata baada ya wavu kutolewa. Hayo ni matokeo ya wavu na mikono ya watu. Ndoo ya chuma ya mtambo itafanya zaidi, na chembe laini zinazochukua muda mrefu kutulia ndizo hasa hushikana na zebaki.

Wajapani walilipitia jambo hili katika Ghuba ya Minamata, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji yenye zebaki kuanzia 1932 hadi 1968, na ugonjwa uliotokana na samaki wa pale ukatambuliwa rasmi mwezi Mei 1956. Usafishaji wa tope ulianza 1977, miaka tisa baada ya umwagaji kukoma. Hata hapo baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani kwa hofu hiihii ninayoieleza, na kazi ikasimama hadi 1980. Ilipoendelea, tope halikuchotwa kwa ndoo wala kukatwakatwa, bali lilinyonywa polepole kwa pampu, huku maji na samaki wakipimwa, likapelekwa nyuma ya kuta za chuma zilizojengwa ndani ya ghuba na kufunikwa kwa udongo safi. Takriban mita za ujazo milioni 1.5 za tope lenye zebaki zaidi ya sehemu 25 kwa milioni zilishughulikiwa, sehemu kwa kunyonywa hivyo na sehemu kwa kufunikwa palepale lilipokuwa, kazi ikaisha 1990 kwa gharama ya yen bilioni 48.5. Nyavu zilizofunga mlango wa ghuba ili samaki wasitoke ziliondolewa 1997. Leo juu ya tope lile kuna ardhi iliyojazwa ya hekta 58, sehemu yake kubwa ikiwa bustani, na zebaki ingali chini yake ikihitaji kulindwa. Taifa tajiri, ghuba moja ndogo, mkosaji mmoja anayejulikana, na bado kazi ilichukua miaka hiyo yote.

Kwetu bomba halijafungwa. Mchimbaji mdogo huwa na chupa ndogo ya zebaki, ndogo kama ya dawa ya macho, lakini ukiipokea mkono unashuka kwa uzito wake. Anaichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha ili inase dhahabu, anakamua kwenye kitambaa, anairudisha chupani ile iliyobaki, na maji ya beseni yanakwenda kwenye shimo ambalo masika yakija hujaa na kufurika. Simlaumu mtu anayetafuta ada ya watoto. Ninachosema ni kwamba marudio yake, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, bado yana zebaki, na mara nyingi huuzwa kwenye plenti za sayanaidi, yaani mitambo inayotumia kemikali hiyo kutoa dhahabu iliyobaki. Sayanaidi huyeyusha zebaki na kuirahisishia safari majini. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchenjuaji huo wa marudio ambayo hayajaondolewa zebaki kwanza. Hapo ndipo fedha za mwanzo ziende, pamoja na kuyaacha mafunjo yaliyobaki kwenye midomo ya vijito, kwa kuwa yanazuia tope jingi kufika ziwani.

Tope lililokwisha kufika lipimwe kwa kuzamisha mabomba na kutoa nguzo nzima ya tope, ili ijulikane zebaki iko kina gani. Palipo na zebaki nyingi juu, mahali palipotulia, pafunikwe kwa mchanga safi, ikiwezekana uliochanganywa na mkaa maalumu unaoinasa; pale ambapo imekwisha kufukiwa, paachwe na pafuatiliwe. Mtambo wa kunyonya uitwe mwisho, kwa sehemu ambazo mafuriko yanaweza kuzifukua.

Nisije nikaeleweka vibaya: katika tafiti zilizochapishwa, samaki wengi wa ziwa hili waliopimwa walikuwa chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, na mimi na familia yangu tunaendelea kula sato na dagaa. Naomba tu wataalamu watakapopima tope, majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mialo yote ya jirani, kwa Kiswahili, kabla mtambo wowote haujashushwa majini.

Wako,
Bwana samaki mstaafu,
Geita