Huo mstari wa "majaribio" kwenye ankara yetu

Sisi hujenga tovuti za taasisi za fedha. Wiki jana mteja katurudishia ankara ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu mahali pamoja tu: "Utafiti na majaribio ya watumiaji." Pembeni kaandika: "Hii ndiyo nini? Mimi nilitaka tovuti." Si wa kwanza kuamini tumemchomekea gharama, kwa hiyo tulieleze hapa mara moja.

Tovuti ya nguo ikimchanganya mtu, ataifunga aende kwingine. Ya mikopo, akiba au bima ikimchanganya, anaogopa kwamba pesa yake imepotea. Atapiga simu, atakwenda kaunta, au ataacha ombi katikati. Gharama hiyo mnailipa kila siku, ila haina ankara.

Kabla ya kuchora chochote tunapitia malalamiko ya dawati la huduma, tunazungumza na watumiaji, kisha tunawapa kadi zenye majina ya huduma wazipange wanavyoona wao. Taasisi moja ya mikopo menyu yake ilifuata idara zake: "Bidhaa", "Operesheni", "Hazina". Anayetaka kujua deni lake abofye wapi? Karibu kila aliyepanga kadi aliiweka "Marejesho" peke yake, juu kabisa. Meneja akagoma, eti marejesho yako chini ya Bidhaa. Kwake, sawa.

Halafu tunatengeneza rasimu inayobofyeka, yenye akaunti za mfano (hatuombi namba ya siri ya mtu hata siku moja), na kumkalisha mtumiaji mmoja mmoja. Tunampa kazi, tunamwomba aseme kwa sauti anachowaza, nasi tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Mama mmoja alifika ukurasa wa tatu wa fomu ya mkopo, akainama kutafuta kitambulisho mkobani. Alipoinuka, muda ulikuwa umeisha na fomu imekuwa nyeupe. "Nimekosea mimi, samahani," akasema, akaanza upya. Safari hii kidole kilisimama juu ya kitufe cha "Wasilisha", hakigusi. Tukamuuliza kulikoni. "Nikibonyeza, si nitakuwa nimeshakopa?" Kitufe kikawa "Kagua ombi lako", chini yake "Bado hujakopa", na fomu tukaipanga ijihifadhi yenyewe. Kwenye rasimu ilikuwa kazi ya siku moja. Tovuti ikishajengwa, hapo ni kufungua mfumo mzima wa nyuma, ile sehemu inayoiendesha tovuti ambayo mtumiaji haioni.

Sasa ile njia ya mkato: "Tumewaonyesha wafanyakazi wetu, wameipenda." Wafanyakazi wanayajua maneno yenu ya ndani, na nani atamwambia bosi kwamba hajaelewa? Dodoso la "umeipenda?" nalo ni hivyo hivyo, watu ni waungwana. Tuna mshiriki aliyeshindwa kazi tatu kati ya nne, akaondoka akisifu tovuti.

Mteja mwingine alifuta majaribio kabisa ili kuokoa fedha. Kikokotoo chake kilionyesha riba ya mwezi, watu wakaisoma kama ya mwaka, dawati likafurika. Ikabidi kurasa zibomolewe, waprogramu warudi kwenye kikokotoo, mwanasheria apitie maelezo upya. Alilipa zaidi ya alichookoa, na lawama akatupa sisi. Kwa kiasi fulani ana haki: tulikubali kujenga hivyo.

Wala hatuombi watu mia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hufichua takriban 85% ya matatizo ya matumizi, na ushauri wake ni kupima na 5, kurekebisha, kisha kupima tena na 5 wengine. Ila wakopaji na wawekezaji hawafanani, kila kundi linataka watu wake. Unacholipia ni kuwatafuta hao watu, kuwalipa muda wao, na saa zetu za kurudia rekodi tukihesabu pale kila mmoja alipokwama. Bei hiyo hatuipunguzi. Rangi na picha tunaweza kuelewana.

Mwenye kalamu nyekundu tulimkaribisha kwenye kikao cha juzi, akae nyuma asiseme neno. Mshiriki wa pili alipokuwa anatafuta salio kwenye ukurasa wa habari, mteja wetu akaruka kitini: "Si hapo! Chini, chini hapo!" Tukamtoa nje kwa adabu. Ankara bado hajalipa, lakini jana kauliza kikao kijacho ni lini.