Shukrani kwa mzee wa trekta, Lancaster

Ndugu zangu, wema huu unahitaji mashahidi. Januari, jioni, theluji nzito karibu na New Holland, kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, gari letu liliteleza likatumbukia mtaroni. Mtoto analia nyuma, simu imezima.

Akatokea mzee mmoja na trekta, mkulima wa Kimennonite, yaani muumini wa kanisa la Kikristo la Mennonite. Hakuuliza sisi ni nani. Alilala chali kwenye theluji, akafunga mnyororo chini ya gari, akavuta taratibu, mara ya tatu likatoka. Tairi la mbele limepasuka. Akafunga spea kwa mikono iliyokuwa bado inanukia maziwa, maana alikuwa ametoka kukamua. Akatupeleka kwake. Mkewe akatupakulia supu ya kuku na mahindi. Familia nzima ikainamisha vichwa kimya kabla ya mtu kugusa kijiko.

Nilipotaja kwetu Shirati, mkoani Mara, Tanzania, akatabasamu. Wamisionari wa Kimennonite waliofika kwetu mwaka 1934 walitoka Lancaster hiyohiyo!

Pesa alikataa kabisa. Mzee wangu, asante sana. Nanyi mnaoendesha huko wakati wa baridi, wekeni mnyororo kwenye buti la gari. Wangu umeshamtoa mtu mmoja.