Mfundisheni nesi kumuuliza mzee akiwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni nesi, nafanya kazi huku Nyanda za Juu Kusini, kazi yangu ni kwenye wodi ya watu wazima na kliniki ya presha na kisukari, na kuna jambo linaniumiza sana. Wazee wetu wanateswa majumbani, wanakuja hospitali na alama mwilini, na sisi manesi hatujafundishwa kuziona wala cha kufanya tukiziona. Mtoto akija kaungua maji ya moto tunajua pa kuanzia, mama akija kapigwa na mume tunajua, tumeshakaa semina za kutosha kuhusu hao na ni jambo zuri, ila akija babu wa miaka 78 ana alama ya kamba kwenye mikono yote miwili tunaandika majeraha ya ngozi, tunasafisha, tunafunga bandeji, anarudi kulekule alikofungwa. Chuoni kwetu hatukufundishwa hiki kitu, na hawa vijana wanaokuja field sasa hivi ukiwauliza wanakuangalia tu.

Watu watasema huku kwetu mzee anaheshimiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Sio kweli jamani. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mwaka mmoja mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 kwenda juu anafanyiwa ukatili wa aina fulani hukohuko anakoishi. Hiyo ni dunia nzima, lakini nikiangalia benchi la kliniki asubuhi, wazee 30 wamejikunja na mashuka yao wanasubiri kupimwa presha, siwezi kuamini kwamba kati ya hao hakuna hata mmoja. Na huko Ulaya kwenyewe hawakuzaliwa wanajua. Mwaka 1975 daktari mmoja wa Uingereza anaitwa Burston aliandika barua tu kwenye jarida la madaktari la British Medical Journal, akasema kila wiki tunasoma habari za watoto wanaopigwa, sasa umefika wakati tukubali kwamba na bibi zetu wanapigwa makusudi. Barua! Ndo mana na mimi nimeshika kalamu.

Sasa twende kwenye penyewe. Kinachotushinda zaidi huku sio kuona mchubuko, ni kumuuliza mzee. Mzee wa Rungwe ndani ndani huko anaongea Kinyakyusa, wa Mbeya vijijini Kisafwa, wa Kilolo Kihehe, Njombe Kibena, Makete Kikinga, wengi Kiswahili wanakisikia ila kujieleza inakuwa shida, hasa kina bibi. Nesi kapangiwa kutoka Mara au Kigoma, anajua salamu ya Kamwene basi. Kwahiyo nani anatafsiri? Aliyemleta! Kijana anasimama pale kati, unamuuliza bibi umeumiaje, bibi anaongea maneno marefu kabisa, kijana anageuka anasema "kaanguka bafuni sista". Bibi kaongea dakika nzima, wewe umepewa maneno mawili unaandika kwenye faili. Na kama huyo kijana ndiye aliyempiga? Umemuuliza mshtakiwa atoe ushahidi wa mlalamikaji.

Hiki ndicho ningetaka kifundishwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote: kila mzee, hata yule anayeonekana anapendwa na familia nzima, apate muda wa kuwa na nesi bila aliyemleta. Iwe utaratibu wa kila siku, mana ukimtoa nje huyu mmoja tu unayemshuku atajua unamshuku na hasira zitamwishia bibi usiku. Unamwambia tu "kaka tusubirie hapo nje, tunampima bibi uzito na kumbadilisha nguo, tunakuita". Na mtafsiri awe mfanyakazi wa hospitali, hapo nako pana mtego wake, mana ukimwita mtu wa usafi anayetoka kijiji kimoja na huyo mzee, jioni habari imeshafika kilabuni. Kila kituo kingekuwa na orodha ya wafanyakazi na lugha wanazojua, wakafundishwa hao kutunza siri, wala hii haihitaji mfadhili.

Halafu namna ya kuuliza. Usimwambie bibi "je unanyanyaswa", atakwambia hapana mwanangu, mana kwake kunyanyaswa ni aibu ya nyumba yake na yeye ndiye aliyemlea huyo kijana. Kuna madaktari wa Montreal kule Kanada mwaka 2008 walitoa kipimo kifupi cha maswali sita, kinachukua dakika chache tu, kimetengenezwa kwa wazee ambao akili bado iko sawa. La kwanza linauliza tu kama kuna mtu unamtegemea kwa kuoga, kuvaa, kula, kununua vitu au mambo ya benki. Yanafuata: kuna mtu amekuzuia usipate chakula, nguo, dawa, miwani, matibabu au usikae na watu unaopenda kukaa nao? Kuna mtu amekusemesha mpaka ukajisikia aibu au kutishwa? Kuna aliyekulazimisha kusaini karatasi au kutumia hela zako usivyotaka? Kuna aliyekutia hofu, akakushika usivyopenda au akakuumiza? La sita mgonjwa haulizwi, ni la mtoa huduma mwenyewe kuangalia: hakuangalii usoni, kakonda, mchafu, ana michubuko, dawa hazinyweki vizuri, nguo haziendani na hali. Hili la nguo kwa sisi wa huku lina uzito wake, mzee kaja mwezi wa sita kutoka Makete na kale kabaridi, ana khanga moja na miguu mitupu, na aliyemleta kavaa jaketi na buti. Hiyo nayo iandikwe kwenye faili.

Lile swali la karatasi naomba lipewe nafasi yake. Huku ardhi imepanda bei, parachichi Njombe na Rungwe, miti Mufindi, kila mtu anataka shamba, na shamba liko kwa jina la babu ambaye hajui kusoma. Wanamshika dole gumba. Mzee anakuja kliniki presha iko juu miezi mitatu mfululizo, tunamwongezea dawa, presha haishuki, kumbe kila usiku wanawe wanamkalisha kikao auze. Bibi mwingine hela ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, ikitoka mjukuu anaipokea, bibi anaishi kwa uji. Hamna kidonda hapo, hamna damu, na nesi ambaye hajafundishwa ataandika tu "mgonjwa hafuati masharti ya dawa". Na kuna hawa wanaopiga ramli chonganishi, mtoto akiugua kijijini wanaonyesha nyumba ya bibi. Kule Usukumani macho mekundu ya moshi wa kuni yamewaua kina bibi wengi kwa kuitwa wachawi, na huku kwetu wapo wanaokimbia makwao kwa kutajwa hivyohivyo. Bibi akikwambia hawezi kurudi nyumbani, muulize kwa nini kabla hujamwandikia ruhusa.

Kwenye alama za mwili nako kunahitaji mafunzo ya kweli, kushuku tu hakutoshi. Ngozi ya mzee ni nyepesi, akiwa anatumia aspirini anachubuka hata kwa kugonga kiti, kwahiyo michubuko kwenye miundi na nyuma ya mikono mara nyingi ni ya kawaida. Ila ukiona shingoni, masikioni, mgongoni, ndani ya mapaja, au sehemu ya ndani ya mkono juu kule ambapo mtu anashikwa akivutwa, simama hapo. Wala usidanganyike kwamba rangi ya mchubuko itakwambia ni wa lini, haiaminiki. Angalia maelezo na jeraha vinaendana? Angalia wamechelewa siku ngapi kumleta. Eksirei ikionyesha mbavu zilizovunjika zamani zikaunga zenyewe, uliza za lini. Na uzito! Pima uzito kila kliniki na uangalie wa mwezi uliopita, mana mzee anayenyimwa chakula hapungui siku moja.

Ila naomba tusigeuke polisi. Kidonda cha mgandamizo kikubwa kule nyuma hakimaanishi moja kwa moja kwamba mkamwana ni mkatili. Wakati mwingine ni dada mmoja amebaki na mama mkwe aliyepata kiharusi, ana watoto wanne, ana shamba, mume yuko Dar, wala hakuna mtu aliyemwambia mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili. Huyo anahitaji kufundishwa na kusaidiwa, ukimkaripia mbele za watu hatamleta tena bibi na hapo umemuua. Nesi aliyefundishwa vizuri anajua kutofautisha kati ya aliyechoka na anayetesa, na anajua pia kwamba kuchoka kunaweza kuzaa kutesa, akiwahi anaokoa wote wawili.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Nasema kwa uchungu, kuna mzee anaogopa hospitali kuliko nyumbani. "We bibi si nimekwambia ukae pale, husikii?" Sauti hiyo naisikia kwenye korido. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, dirisha la wazee lipo, matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza yapo, lakini mzee aliyefokewa mapokezi hatakuja kukwambia siri ya nyumbani kwake hata umuulize maswali sita au sitini.

Sasa umejua, ufanye nini? Hapa ndo mafunzo mengi yanapoishia hewani. Nesi anaogopa. Anaogopa ndugu watamsubiri njiani, anaogopa kuitwa mahakamani, haijui njia. Ifundishwe njia: unaandika maneno ya mzee kama alivyosema mwenyewe, unachora mahali palipo na majeraha, unamwambia mganga mfawidhi na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, majeruhi anatibiwa na PF3, ile fomu ya polisi, inafuata, na palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono, kile cha kuhudumia waliofanyiwa ukatili, mzee apelekwe huko. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wazee wengi hawajui kama linawahusu. Mpango wa taifa ule wa kupinga ukatili, MTAKUWWA, jina lake linataja wanawake na watoto, bibi anaingia kwa kuwa ni mwanamke, babu aliyepigwa na mwanawe anaingilia mlango gani? Nesi lazima aambiwe wazi na babu ampeleke wapi.

Na kuna gumu kuliko yote. Mzee mwenye akili timamu sio mtoto, ana haki ya kukataa. Njombe, Makete na Iringa kuna kina bibi wamezika watoto wao kwa ukimwi wakalea wajukuu kwa jembe la mkono, leo mjukuu kakua anakunywa anampiga, na bibi anakwambia "sista usimpeleke polisi, nikifa nani atanizika". Utamjibu nini? Sio kumwambia haya basi bibi nenda. Unampa tarehe ya karibu ya kurudi, wiki ijayo sio mwezi ujao, unamuuliza jirani gani anamwamini, balozi wa nyumba kumi, mzee wa kanisa, mtoto wa kike aliyeolewa kijiji cha pili, unamuuliza usiku akizidiwa atakimbilia kwa nani, unamwomba ruhusa mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kumsalimia. Akili ikiwa imeshapotea, au maisha ya mzee yapo hatarini, hapo ni jambo lingine, usibaki nalo peke yako, ustawi na polisi wajue leo. Mazungumzo haya yana ufundi wake, yanahitaji kufanyiwa mazoezi, mmoja anakuwa bibi mwingine nesi, na wafanye kwa Kinyakyusa na Kihehe kabisa.

Ndo mana siombi semina ya siku moja hotelini na maji ya chupa. Naomba nusu saa kila wiki baada ya ripoti ya asubuhi, hapohapo wodini, matroni asimamie, wawepo na matabibu, watu wa mapokezi na mlinzi wa getini mana yeye ndiye anayemwona mzee anavyoshushwa kwenye bodaboda. Baraza la Uuguzi na Ukunga lihesabu mafunzo hayo kwenye pointi za kuhuisha leseni, hapo hata mvivu atakuja. Na vyuo vya uuguzi vya Mbeya na Iringa mwanafunzi asimalize bila kuwa ameshamuuliza mzee maswali haya mbele ya mwalimu wake.

Tarehe 15 Juni kila mwaka ni siku ya kupinga ukatili dhidi ya wazee, Umoja wa Mataifa uliitambua 2011. Naomba waganga wakuu wa wilaya zetu waanze kabla ya hapo, hata na kituo kimoja kimoja. Na kama kuna nesi wa Ludewa, Mbozi, Chunya au Kilolo ambaye kituo chake kimeshaanza kitu kama hiki aandike hapahapa gazetini, atuambie walimpataje afisa ustawi wa kuja kila wanapomwita, mana kwetu hapo ndo tunakwama.

Nesi, Rungwe